Barua kwa mwanangu: Lagat alifikaje miaka 41 akiwa bado na kasi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unauliza mkimbiaji Bernard Lagat aliwezaje kufika fainali ya mita 5000 ya Olimpiki akiwa na miaka 41, ilhali wewe una miaka 32 na tayari unaambiwa kasi imekwisha, na kwamba dawa ni kuongeza kilomita. Jibu langu ni usiongeze. Lagat alidumu kwa sababu alijua kupumzika, na mapumziko yake yalipangwa kwa ratiba kama yalivyopangwa mazoezi.

Alizaliwa Desemba 1974, akakulia Kaptel huko Nandi, Kenya. Mwaka 1996 alikwenda Chuo Kikuu cha Washington State, katika mji wa Pullman, Marekani, akamkuta kocha James Li, mzaliwa wa China. Kocha huyohuyo alimnoa tangu akiwa mwanafunzi hadi Olimpiki ya Rio 2016. Ni miaka 20, na ndiyo sehemu ya habari zake ambayo watu huiruka. Mwanariadha anayehama kambi kila msimu mbaya huanza upya kila mara, na kocha mpya asiyemjua humpima kwa kumwongezea mzigo. Li hakuhitaji kumpima Lagat. Alijua ni mazoezi gani humjenga na yapi humvunja.

Kwa jezi ya Kenya alipata medali ya shaba ya mita 1500 Sydney 2000, kisha fedha Athens 2004, ambako Hicham El Guerrouj alimshinda kwa sekunde 0.12 tu. Katikati, Agosti 2001 mjini Brussels, alikimbia 3:26.34, muda ambao bado ndio rekodi ya Kenya. Mwaka 2003 sampuli yake ya kwanza ilisomeka kuwa na EPO, dawa iliyokatazwa ya kuongeza chembe nyekundu za damu, akakosa Mashindano ya Dunia ya Paris. Sampuli ya pili ilipofunguliwa ilikuwa safi, naye akasafishwa. Nalitaja hili kwa sababu unapimwa mara kwa mara. Kabla ya kusaini fomu ya upimaji, soma wewe mwenyewe namba za chupa A na chupa B, zinamowekwa sampuli ya kwanza na ya pili, ulinganishe na zilizoandikwa, na nakala yako uitunze.

Uraia wa Marekani aliupata 2004, na wakati ule sheria ya Kenya haikuruhusu uraia wa nchi mbili. Kanuni za riadha zilimlazimu kusubiri miaka mitatu tangu alipoiwakilisha Kenya mara ya mwisho, hivyo hakuvaa jezi ya Marekani katika Mashindano ya Dunia hadi Osaka, Agosti 2007. Hapo alishinda mita 1500 kwa 3:34.77, na siku chache baadaye akashinda mita 5000 kwa 13:45.87, mbele ya Eliud Kipchoge kwa sekunde 0.13. Hakuna aliyewahi kuzishinda zote mbili katika Mashindano ya Dunia moja kabla yake. Alikuwa na miaka 32. Umri wako huohuo, mwanangu, na medali zake nyingine nyingi zilikuwa bado mbele.

Sasa nije kwenye mapumziko. Kila mwaka, msimu ukiisha, Lagat aliacha kukimbia kabisa kwa wiki tano. Hakuwa na mbio za kujinyoosha wala za "kutunza mwili". Alikula apendavyo, akanenepa kidogo, akakaa na watoto. Msimu wenyewe ulipokuja alikimbia siku sita kwa wiki, siku ya saba akapumzika, na kwa wiki alifikisha kilomita 100 na kitu, wakati wenzake wengi wa mita 5000 walikuwa kwenye 150 na zaidi. Mtu akisikia hivyo hudhani ni mvivu. Mtu huyohuyo alikimbia mita 5000 kwa 12:53.60 mjini Monaco mwaka 2011, akiwa na miaka 36, ikawa rekodi ya Marekani wakati ule.

Sababu ni hii. Ukiacha kukimbia, maji ya damu hupungua ndani ya siku chache, ndiyo maana ukirudi moyo hupiga haraka hata kwa mwendo wa pole. Hali hiyo hurekebika ndani ya wiki mbili tatu za mazoezi. Kano, ule mshipi unaofunga msuli kwenye mfupa, hasa ile ya kisigino, hufuata saa yake. Damu inayoifikia ni kidogo, hivyo majeraha madogomadogo ya msimu hupona polepole, na huchukua miezi kuzoea tena mzigo. Ukipumzika wiki moja tu, mapafu yanapata nafuu lakini kisigino hakijapata kitu. Hata Lagat kano ilimtesa: Beijing 2008 alifika akiwa na maumivu ya kisigino, akashindwa kuingia fainali ya mita 1500 na akawa wa tisa katika mita 5000. Berlin mwaka uliofuata alichukua shaba ya 1500 na fedha ya 5000, sekunde 0.24 nyuma ya Kenenisa Bekele.

Kwa hiyo ukimaliza shindano lako la mwisho, weka viatu kabatini wiki tano. Kutembea ruksa, kuogelea ruksa. Wiki ya kwanza ya kurudi, kimbia siku tatu au nne, dakika 20 hadi 30, kwa mwendo ambao unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema. Ya pili, siku tano, dakika 30 hadi 40. Ya tatu, siku sita, dakika 40 hadi 50, na mara mbili ndani ya wiki hiyo ongeza mikimbio minne ya mita 80 kwenye majani, ukiwa umelegea mabega. Wiki ya nne tafuta mlima mkali kiasi, panda kwa nguvu sekunde 8 hadi 10, shuka ukitembea, rudia mara sita. Fatleki, yaani kukimbia ukibadilisha kasi na pole, ingoje wiki ya sita. Viatu vya spaiki, vile vyenye misumari chini, usivivae kabla ya wiki ya nane.

Mambo huharibika kati ya wiki ya tatu na ya nne. Pumzi imesharudi, unajisikia mwepesi, wenzako wa kambini wanakukimbilia mbele, nawe unawafuata. Kano haijawa tayari. Kila asubuhi, kabla hujavaa viatu, panda na kushuka ngazi peku. Kisigino kikikaza hatua chache za kwanza kisha kikaachia, punguza nusu ya ulichopanga siku hiyo. Kikiuma hadi umemaliza ngazi zote, usikimbie. Ukijilazimisha mara moja tu unaweza kupoteza miezi mitatu.

Kuhusu kasi. Anayekwambia kwamba umri ndio umeiondoa hajaangalia unachofanya kwa wiki. Mara nyingi kasi huondoka kwa sababu mtu akifika miaka 30 huiacha, akajaza nafasi yake kilomita za pole. Lagat alitoka kwenye 1500 na hakuiacha moja kwa moja alipohamia 5000. Kwa hiyo mara moja kwa wiki, mwaka mzima isipokuwa zile wiki tano na wiki nane za kurudi, kimbia mita 200 mara nane kwa mwendo wako wa 1500, ukijongea mita 200 za pole katikati. Zoezi hilo lisikuchoshe. Ukimaliza ya nane na huwezi kufanya ya tisa, ulikimbia kwa kasi kupita kiasi. Na kwa umri wako, kati ya zoezi gumu na jingine weka siku mbili nyepesi, hata kama wasichana wa miaka 20 wanaweka moja.

Kasi hiyo ndiyo iliyomshindia mbio. Fainali ya mita 5000 ya Osaka ilikimbiwa kwa wastani wa sekunde 66 kwa mzunguko. Kwa mwendo ule hakuna mwanamume wa kiwango hicho anayechoka, mshindi ni yule mwenye mita 100 kali mwishoni. Angalia pia mchujo wa Marekani wa kwenda Olimpiki, Julai 2016 mjini Eugene. Alianza na mita 10,000, joto likamzidi, akatoka kabla ya kumaliza. Siku nane baadaye alishinda mita 5000 kwa 13:35.50, mzunguko wa mwisho chini ya sekunde 53. Kama angejikokota kumaliza zile 10,000 ili watu wasimseme, naamini asingeiona Rio. Alikwenda, na huko akawa wa tano kwa 13:06.78.

Kosa jingine ni la kukimbia nje ya njia ya kwanza ya uwanja. Njia moja ya uwanja ina upana wa mita 1.22. Ukikaa njia ya pili kwenye kona, kila kona inakuongezea karibu mita 3.8, na mzunguko mzima karibu 7.7. Mizunguko mitano ya hivyo ni mita 38, na kwa mwendo wako wa sekunde 72 kwa mzunguko ni karibu sekunde saba umezitupa. Kaa ndani, nafasi ya tatu au ya nne, na utoke nje kwenye mstari ulionyooka, kamwe usitoke kwenye kona.

Marathoni usiikimbilie sasa. Lagat aliingia New York Novemba 2018 akiwa na miaka 43, akapata 2:17:20 kwenye madaraja na milima ya mji ule. Mwaka uliofuata, kwenye tambarare ya Gold Coast, Australia, akakimbia 2:12:10. Lakini mdogo wake, Viola Cheptoo, aliyekimbia 1500 Rio, alikuwa wa pili New York 2021 kwa 2:22:44 akiwa na miaka 32, sekunde tano nyuma ya Peres Jepchirchir. Mlango huo hautafungwa, na kasi utakayoilinda leo utaihitaji hata huko.

Nitumie tarehe za mashindano yako ya mwaka ujao, hasa lile unalolitaka kuliko yote. Tutahesabu kurudi nyuma kutoka hapo: wiki 16 za mazoezi kamili, kabla yake wiki nane za kurudi hadi spaiki, na kabla ya hizo zile tano za mapumziko. Ukiona kalenda haitoshi, shindano moja litolewe. Wiki tano zisiguswe.

Mzazi wako akupendaye