Jibu: Mishono ya wima kwa MIG kwenye stendi ya tenki, USISHUKE

Mkuu, weka tochi ya kuchomelea chini kwanza. Umesema uko Kigoma, unatengeneza stendi ya tenki la lita 5,000 kwa MIG (mashine inayochomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe), pleti za kuunganishia nguzo ni milimita 8, na kwa kuwa ukipanda, yaani ukichomelea kutoka chini kwenda juu, chuma kinakutiririkia umeamua mishono yote ya wima uichomelee kwa kushuka, juu kwenda chini, eti "inatoka safi zaidi". Halafu ukauliza gesi gani, mashine ipi ununue na rangi gani ya kuzuia kutu. Hayo yasubiri. Lita 5,000 ni tani tano za maji, bado uzito wa tenki na wa chuma chenyewe, na chini yake watu watakuwa wamepanga ndoo.

Pleti ya milimita 8 hushuki. Unapanda.

Ukishuka, chuma kilichoyeyuka kinaporomoka kwa uzito wake na kuutangulia moto. Kuanzia hapo moto unapiga kidimbwi cha chuma hicho, haupigi pleti. Pleti nene inanyonya joto upesi, na MIG ya waya wa milimita 0.8 kwa ampea za karakana zetu haina joto la kugawa. Kwa hiyo chuma kinajilaza juu ya pleti ambayo haijayeyuka, kama plasta iliyopigwa kwenye ukuta wenye vumbi. Ukiutazama ni mshono bapa, laini, umekaa vizuri pande zote mbili, mpaka unatamani kuupiga picha. Ukishabanduka ndipo utaona mistari ya grenda uliyosafishia pleti bado ipo palepale, haijaguswa na moto. Mistari hiyo nimeiona kwenye kazi yangu mwenyewe, na bei yake ni kukata kila kona, kununua pleti upya na kuanza moja. Msinicheke, picha za mishono ile zilisifiwa sana humu humu.

Aliyenipoteza ni muuza mashine mmoja aliyechomelea bomba la geti la milimita 1.5 mbele ya wateja, akishuka, akatangaza kwamba MIG ni kuteremka tu. Kwa bomba lile hakukosea, maana ukipanda unatoboa. Chuma chini ya milimita 3, shuka bila wasiwasi. Ila nusu hiyo ya maneno aliimeza, akatia hela mfukoni. Na hawa wa video za dakika tatu ni ndugu zake: wanaonyesha mshono, hawaonyeshi hata siku moja ulivyovunjika.

Sasa kwa nini kinakutiririkia ukipanda? Kwa sababu umeacha mashine kwenye vipimo vya kazi ya kulala, pleti ikiwa imelazwa chini. Punguza kama asilimia 10 hadi 15. Kwa waya wa 0.8 anzia volti 18 au 19 kama gesi ni mchanganyiko wa agoni na CO2. Kama ni CO2 tupu ongeza volti moja au mbili. Waya uende mita 5 hadi 6 kwa dakika. Mashine isiyo na namba isikutishe: toa waya hewani kwa sekunde 6, upime, uzidishe kwa kumi. Ukipata sentimita 55, hiyo ni mita 5.5. Na hiyo ekstensheni nyembamba ya mita 30 iache, inakula umeme kabla haujafika.

Sugua lile ganda jeusi la pleti mpaka chuma king'ae. Waya utokeze milimita 10 hadi 12 kutoka kwenye tipu (ncha ya tochi unapotokea waya), tochi ielekee juu kidogo, nyuzi 5 hadi 10, isizidi. Chini kabisa jenga rafu: cheza kushoto na kulia mpaka kidimbwi kikamate pleti zote mbili. Rafu hiyo ndiyo itakayobeba chuma kinachofuata. Kisha panda kwa pembetatu: ingia kwenye kona, toka upande wa kushoto utulie nusu sekunde, vuka haraka, tulia kulia, rudi kwenye kona juu kidogo ya ulipotoka, kama milimita 2. Moto ukae kwenye ukingo wa juu wa kidimbwi muda wote. Mshono ukitoa kitambi katikati, unachelewa kuvuka au joto limezidi. Ukiona mfereji umechimbika pembeni, hutulii vya kutosha. Ukipanda moja kwa moja bila kucheza utapata kamba nene iliyobinuka.

Upepo wa ziwa huo mchana unakupeperushia gesi, mshono unajaa vitundu. Watu hukimbilia kufungua geji ya gesi mpaka lita 25 kwa dakika, gesi inavuruga na kuvuta hewa ndani, inakuwa balaa zaidi. Baki lita 12 hadi 15 kwa dakika, zungushia mabati. Kama utatumia waya usiotaka gesi, mingi inataka tochi ihamie kwenye ncha hasi ya mashine. Soma karatasi yake. Bado unapanda.

(Mabamba ya meli ya Liemba yalipigwa ribiti, misumari ya kuunganishia chuma, ikashushwa majini hapo Kigoma 1915, ikazamishwa 1916, ikainuliwa 1924. Ribiti ikilegea unaigonga na kuisikia. Mshono wa kushuka ukiugonga haukwambii kitu.)

Kabla hujagusa nguzo, chukua vipande viwili vya pleti hiyohiyo, sentimita 15, visimamishe umbo la T, chomelea upande mmoja tu kwa kupanda. Bana kwenye jiriwa, piga nyundo kulalia upande wenye mshono, ili mzizi wa mshono, upande usiochomelewa, ufunguke. Ukichanika katikati ya mshono, ukaona chembe za kijivu, sawa. Ukibanduka mzima ukaacha pleti laini, rudia vipimo. Fanya na kingine kwa kushuka, uone mwenyewe.

Picha ulete humu, ya pale ulipovunjika. Ya mshono usilete.