Taa moja inatosha chumba cha miche?

SWALI: Shikamoo mtaalamu, niko Mikindani, nimetenga chumba nioteshee miche ya nyanya na hoho, meza yangu ina mita 2 kwa 1. Muuzaji kaniambia taa moja ya LED ya "wati 1000" inamaliza chumba kizima, ni kweli?

JIBU: Marahaba. Chumba achana nacho, we piga hesabu ya meza tu, ukuta hauoti kitu. Na hiyo 1000 ya kwenye boksi usiiamini, geuza taa uangalie kibandiko cha nyuma, utakuta inakula labda wati 100 na kitu, ndo hizo za kuhesabu. Kwa miche wati 100 halisi kwa kila mita mraba zinatosha, kwa hiyo chukua mbili za 100 uzipange kwa urefu wa meza, maana taa moja katikati inawapendelea wa kati, wa pembeni wanarefuka wembamba wanalalia upande. Ukiipandisha juu inaenea kweli ila mwanga unapungua. Zote mbili zikiwaka saa 14 kwa siku ni uniti 2.8 za Luku. Na feni weka, joto la Mtwara unalijua.