"Charge" kwa Kifaransa: kuirudisha Kiingereza hakuthibitishi kitu

SWALI: Natafsiri barua ya wakili kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa. Kuna sentensi inasema "The charge has been dropped". Kamusi imenipa maana lukuki. Nimeandika "La charge a été abandonnée", nikaipitisha kwenye programu ya kutafsiri irudi Kiingereza, ikarudi ileile. Naweza kuikabidhi?

JIBU: Usiikabidhi. Kama habari ni ya mahakamani, Mfaransa ataandika "Les poursuites ont été abandonnées". Kama ni ada ambayo benki ilimkata mteja kisha ikaifuta, ni "Les frais ont été annulés". Sentensi yenyewe haikuambii ni ipi. Tazama aya za juu yake: kuna kiasi cha fedha, au kuna namba ya kesi? Ukikosa vyote, muulize aliyeandika. Ni swali la mstari mmoja tu.

Kinachonikera ni hilo jaribio la kurudisha Kiingereza. Naletewa kila mara kama cheti cha ubora, na kwa neno kama hili halipimi chochote. Kiingereza kililichukua "charge" kutoka Kifaransa cha kale, kikalizidishia maana zake chenyewe. Kifaransa nacho kikabaki na zake: mzigo, wajibu, gharama za pamoja za nyumba, chaji ya betri. Tahajia ni ileile. Ukilivusha bila kuligusa, litarudi bila kuguswa, kwa sababu hakuna kilichotafsiriwa. Tena programu hukisia: ikiona "charge" karibu na "abandonnée", inajua Mwingereza angesemaje, inakufunikia kosa kimyakimya. Msomaji Mfaransa hakufunikii. Anasoma habari ya mzigo uliotelekezwa.

Wengine huniambia "nimechukua maana ya kwanza ya kamusi". Ya kwanza kwa kigezo gani? Kamusi kubwa ya Oxford hupanga maana kwa umri, kongwe mbele, na kwa "charge" inayotangulia ni mzigo, si ada wala shtaka. Orodha za istilahi za sheria zinazogawiwa bure ndizo usiziguse kabisa: nimekuta zenye "inculpation" kama tafsiri ya shtaka kwa ajili ya Ufaransa, ilhali sheria ya huko ililiacha neno hilo mwaka 1993 na kuweka "mise en examen", yaani kumweka mtu chini ya uchunguzi rasmi. Na hata hilo si shtaka la Kiingereza moja kwa moja. Ni hatua iliyo mikononi mwa jaji wa uchunguzi.

Barua yako bado inarekebishika. Mikataba ya mikopo ndiyo inayoumiza. Humo utakuta "a charge over the company's assets", yaani mali za kampuni zimewekwa dhamana. Kifaransa ni "sûreté". Niliwahi kuletewa mkataba uliokwisha kusainiwa ukiwa na "frais sur les actifs", ada juu ya mali. Anayeusoma kwa Kifaransa anaona malipo fulani tu, haoni kwamba mkopeshaji ana haki ya kushika mali mdeni akishindwa kulipa. Aliyeutafsiri alikuwa ametoza nusu ya bei, na alijitetea kwamba aliurudisha Kiingereza ukatoka sawa. Kufikia hapo mtafsiri mwingine hana la kuokoa: mawakili wa pande zote wanakaa upya, na kila mmoja anatoza kwa saa.