Maswali ya Wasafiri: Kubadilisha ndege Narita, begi ndilo lenye kauli

SWALI: Asalaam aleikum mwanangu. Mimi ni mama wa miaka 63, nakaa Tabata, Dar es Salaam. Binti yangu anaishi Honolulu, amejifungua mtoto wake wa kwanza, nami nakwenda kumlea mzazi. Viza ya Marekani ninayo. Mkwe wangu amenikatia tiketi mbili: moja ni ya Dar kupitia Doha hadi Narita, Japani, nyingine ni ya Narita hadi Honolulu, kwa shirika la bei nafuu. Hapo katikati nina saa nne. Wakala mmoja kaniambia nisiwe na wasiwasi, nikishuka nifuate watu. Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Je, nitaweza? Na mafuta yangu ya nazi na dagaa vitafika?

JIBU: Waaleikum salaam mama, shikamoo, na hongera sana kwa mjukuu.

Huyo aliyekwambia ufuate watu hakukutakia mema. Ndege ikishatua Narita, abiria wanagawanyika. Wengi wanaelekea uhamiaji kuingia Japani, wachache wanageukia upande wa kuunganisha ndege. Ukiwafuata wale wengi utajikuta mbele ya ofisa anayetaka viza ya Japani.

Lakini kabla hatujafika Narita, zinazonitia hofu ni hizo tiketi mbili. Nilikaa miaka mingi nyuma ya kaunta ya tiketi Mtaa wa Samora, na vilio vingi nilivyoshuhudia uwanja wa ndege vilianzia hapo. Mtu aliyekatiwa safari nzima katika tiketi moja, mashirika yote yaliyomo yanamjua. Begi lake linapokewa Dar na kupelekwa mpaka mwisho wa safari, na mara nyingi anapewa pasi zote za kupandia ndege palepale. Mwenye tiketi mbili ana safari mbili zisizojuana. Kwa shirika la kwanza, wewe ni mama anayekwenda Japani, basi.

Siku ya safari, dada wa kaunta akishapima begi lako atafunga kwenye mpini utepe mrefu wa karatasi. Mwombe akuoneshe kabla begi halijaondoka kwenye mkanda. Utaona herufi tatu zilizoandikwa kubwa kuliko nyingine zote: hapo ndipo begi litakaposhushwa. HNL ni Honolulu. NRT ni Narita. Ukiona HNL, huna haja ya kuliwaza tena mpaka umfikie binti yako. Ukiona NRT, begi litakusubiri Narita, na mkanda wa mabegi uko ng'ambo ya uhamiaji. Kulifikia ni mpaka uingie Japani, na Mtanzania haingii Japani bila viza. Hayo ni kweli pia kwa Mkenya na Mganda. Mashirika mengi ya bei nafuu hayapokei mzigo kutoka shirika jingine, kwa hiyo kwa tiketi ulizo nazo, natarajia utaona NRT.

Tena huenda usifike hata huko. Shirika likimbeba mtu asiyeruhusiwa kuingia nchi fulani, gharama ya kumrudisha inaliangukia lenyewe. Ndiyo maana wale vijana wa kaunta ni wakali kuhusu viza. Wakiona tiketi yako inaishia Narita na pasipoti haina viza ya Japani, wanaweza kukuzuia palepale Dar, na viza yako ya Marekani isikusaidie.

Sasa namwomba mkweo anisikie, kwa heshima. Kijana wangu, piga simu uulize gharama ya kubadilisha hizi tiketi ziwe moja, Dar hadi Honolulu, begi lifike mwisho. Nyongeza utakayolipa ndiyo itakayomvusha mama bila kuulizwa chochote na uhamiaji wa Japani. Tena ndege ya kwanza ikichelewa, shirika lina wajibu wa kumtafutia nyingine. Kwa tiketi mbili, akichelewa kwa sababu ya ndege ya Doha, shirika la pili linamhesabu kama abiria ambaye hakutokea, na nauli imekwenda.

Ikishindikana kabisa, mama, basi nenda Ubalozi wa Japani, Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, ukaombe viza ya kupita. Chukua tiketi zote mbili na pasipoti yenye viza ya Marekani, na waulize mapema ni nyaraka gani nyingine wanazotaka. Usingoje wiki ya safari. Utasikia watu wakisema kuna kibali kinachotolewa na maofisa wa uhamiaji kulekule kwa anayepita kwa muda usiozidi saa 72. Kipo, ila ni hiari ya ofisa kukitoa au kukunyima. Sitaki uvuke bahari kwa kutegemea hiari ya mtu usiyemjua.

Na hizo saa nne, ukiwa na viza na tiketi mbili, si nyingi. Kuna foleni ya uhamiaji, ambako wageni wanapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Kuna kusubiri begi, kisha forodha. Kisha uangalie ndege ya pili iko jengo lipi, maana Narita ina majengo matatu ya abiria. La 1 na la 2 hayatembeleki kwa miguu, unapanda basi la bure. Kutoka la 2 kwenda la 3 kuna njia ya watembea kwa miguu, au basi vilevile. Baada ya hapo kaunta ya shirika la pili, ambayo hufungwa kama saa nzima kabla ya ndege kuondoka. Ndege ya Doha ikiwahi, utafika. Ikichelewa saa moja na nusu, utakuwa unakimbia.

Ukiwa na tiketi moja, mambo ni mepesi mno. Unashuka, unatafuta bango lililoandikwa Connecting Flights. Mwambie mjukuu yeyote hapo nyumbani akuandikie maneno hayo kwa herufi kubwa kwenye karatasi, pamoja na namba ya ndege yako ya Honolulu, uyalinganishe na bango. Ukipotea mwoneshe mfanyakazi karatasi hiyo. Wengi wao watakusindikiza mpaka pale unapopaona mwenyewe. Utapita ukaguzi wa usalama, mkoba kwenye mashine, kisha utapanda kwenye ghorofa ya kuondokea na kutafuta geti lako. Hata kama ndege ya pili iko jengo jingine, lipo basi la abiria wanaounganisha linalopita humohumo ndani, bila kugusa uhamiaji.

Jambo jingine ambalo watu wa rika lako wanalionea haya bila sababu: omba kiti cha magurudumu. Si lazima uwe mgonjwa. Mkweo aliombe shirika angalau siku mbili kabla, na kijana atakusubiri mlangoni mwa ndege Doha na Narita, akusukume mpaka geti. Kwa mwendo wa viwanja vile na kwa Kiingereza ulichonieleza, huo ndio msaada mkubwa kuliko yote niliyoyaandika hapa. Lakini nao unafuata tiketi. Tiketi zikiwa mbili, ombi lipelekwe kwa mashirika yote mawili.

Mafuta ya nazi yaingie begi kubwa, chupa ifungwe vizuri kwenye mifuko miwili. Kwenye mkoba wa mkononi, kimiminika chochote katika chombo kinachozidi mililita 100 kitachukuliwa kwenye ule ukaguzi wa Narita, hata kama Dar walikuachia. Dagaa wakavu nao begi kubwa, na ukifika Honolulu uwatangaze forodha bila kuficha. Maembe na nyama kavu viache Tabata. Begi likipita forodha ya Japani yatakwama, na likipita ya Marekani yatakwama pia.

Ukitaka kuswali, Narita kuna vyumba vya sala katika majengo yote. Uliza kaunta ya maelezo.

SWALI: Dada, habari. Nimepata ufadhili wa kusoma Sapporo. Tiketi yangu inanipitisha Dubai mpaka Tokyo, halafu Tokyo mpaka Sapporo, katikati saa tatu na nusu. Naona zinatosha kabisa kunywa chai, au sivyo? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Hongera mdogo wangu. Chai hiyo usiiahidi bado. Rudi kwenye tiketi usome herufi baada ya neno Tokyo, zote mbili. Kwenye nakala uliyonitumia, unatua NRT na unaondokea HND. Hivyo ni viwanja viwili. Narita uko mkoa wa Chiba, kama kilomita 60 mashariki ya katikati ya jiji. Haneda uko ndani ya Tokyo yenyewe, pembeni mwa ghuba. Basi la kutoka kimoja kwenda kingine huchukua zaidi ya saa moja, na kukiwa na foleni barabarani, zaidi ya hapo. Treni ipo, lakini mwenye masanduku mawili ya kuhamia namshauri basi, maana mizigo inakwenda chini ya gari na wewe unakaa.

Tena wewe unaingia Japani kwa viza ya mwanafunzi, kwa hiyo Narita ndiko utakakopewa kadi yako ya ukaaji, inayotolewa palepale uhamiaji. Ni jambo zuri, ila linaongeza dakika kwenye foleni, na msimu wa wanafunzi foleni hiyo ni ndefu. Masanduku utayachukua Narita na kuyapitisha forodha mwenyewe, hata kama lebo imeandikwa Sapporo.

Saa tatu na nusu sizikubali. Waandikie waliokukatia tiketi leo hii. Zipo ndege za Sapporo zinazoondokea Narita kwenyewe. Waombe moja ya hizo. Zikikosekana, wakupe ya Haneda ya kesho yake asubuhi na pa kulala.

SWALI: Nasafiri kutoka Mombasa kwenda Los Angeles, tiketi moja, na Narita nitakaa kwa muda wa saa tisa, mchana kutwa. Naweza kutoka nje nikaona mji?

JIBU: Kwa viza, ndiyo, na usikae ndani. Usiende Tokyo, saa zako zitaishia kwenye treni. Nenda mji wa Narita, kama dakika 10 kwa treni kutoka uwanjani. Ukitoka stesheni kuna mtaa mmoja unaoteremka hadi kwenye hekalu la Naritasan, lililoanzishwa mwaka 940, na njia nzima kuna migahawa inayouza samaki aitwaye mkunga, wa kuchoma. Wanampasua na kumchoma mbele ya macho yako, moshi wake unausikia kabla hujaliona duka. Kula, zunguka bustani ya nyuma ya hekalu, ambayo wageni wengi hawaifikii, kisha rudi uwanjani saa tatu kamili kabla ya ndege yako, kwa sababu utapanga tena foleni ya uhamiaji na ya ukaguzi.

Bila viza, kaa upande wa abiria wanaounganisha. Jengo la 1 na la 2 yana bafu za kulipia zenye maji ya moto na taulo. Baada ya kuoga ule na kulala kidogo, Los Angeles bado ni mbali.