Re: Redio ya wanafunzi inaweza kujitegemea kweli?

Ndugu, umeuliza kama redio ya wanafunzi inaweza kubeba habari, sayansi na muziki bila kuwa chini ya mtu. Inaweza. Radio Študent ya Ljubljana, Slovenia, ilianza kurusha matangazo Mei 1969, enzi za chama kimoja, na hadi leo iko hewani.

Mimi sayansi ndiyo inayonigusa zaidi. Mwanafunzi wa fizikia akieleza kazi ya maabara yake redioni, msikilizaji haoni mchoro wala jedwali, kwa hiyo inabidi mwanafunzi atafute maneno ya kawaida. Hapo ndipo na yeye anaielewa vizuri. Muziki hausumbui: pigeni usiopigwa na vituo vya biashara.

Ila wekeni kwenye katiba yenu kwamba mhariri anachaguliwa na watangazaji, na mfadhili hana kauli kwenye taarifa ya habari.