Kabla ya kuandika andiko la utafiti, kasimame kwenye mzani wa leba

Wadogo zangu mnaoingia kwenye utafiti wa afya ya uzazi huwa mnaniuliza nafasi ziko wapi, mkitegemea niwatajie wafadhili. Mimi nawaambia mchukue utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto Tanzania wa 2022, muuweke kando ya ule wa 2015/16. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Vya watoto wachanga, yaani siku 28 za kwanza, vilikuwa 25, vikawa 24. Basi. Kazi imelala hapo, na data zenyewe unaziomba mtandaoni bila kulipa.

Ila usijifungie na kompyuta. Nenda wodi ya wazazi, omba kuangalia kitabu cha MTUHA namba 12, yaani rejesta ya serikali ya wanaojifungua, shuka na safu ya uzito: 3.0, 2.5, 3.0, 3.5, 3.0. Watoto hawazaliwi hivyo. Mkunga yuko peke yake usiku, wanasukuma wawili kwa mpigo, mzani ni wa mshale. Anaandika namba iliyo karibu. Simlaumu hata kidogo. Lakini mtoto wa kilo 2.4 anahesabiwa ana uzito pungufu, wa 2.5 hahesabiwi, kwa hiyo matokeo yako yote yananing'inia kwenye ule mshale. Kama andiko lako halina bajeti ya mzani wa dijitali na mtu wa kuukagua kila asubuhi, bado hujaandika.

Maswali mazuri mara nyingi ni mepesi. Watoto njiti walikuwa wakisubiriwa hali itulie ndipo wabebwe kifuani, ngozi kwa ngozi. Watafiti katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, wakauliza: na tukianza mara tu baada ya kuzaliwa? Matokeo yalitoka 2021. Kwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8, vifo vilikuwa asilimia 12, dhidi ya 15.7 kwa waliosubirishwa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda, maana kuendelea kuwasubirisha wengine kusingekuwa haki.

Vibali sina mengi: anza na kamati ya maadili ya chuo chako, uliza mapema kama unahitaji na cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na usipange tarehe ya kuanza kabla karatasi haijafika mkononi.

Ridhaa ya mama kushiriki utafiti ndiyo iliyonitoa jasho. Wiki yangu ya pili kama mdodosaji nilimfuata mama aliyefungua njia sentimita saba, nikamsomea fomu nzima, akaweka dole gumba. Nikajiona hodari. Sista kiongozi wa zamu akaichukua ile fomu, akaikunja mara nne. "Dogo, huyu sasa hivi ukimwambia asaini akuuzie shamba, atasaini. Kawasubiri kliniki." Tangu siku hiyo naongea nao wakiwa bado na wiki kadhaa, wamekaa, wamekunywa chai, na mwenye mume au mama mkwe wa kumuuliza anakwenda kuuliza kwanza. Leba narudia kwa sentensi mbili tu, na akitikisa kichwa kukataa naondoka.

Kingine ni umri wa mimba. Ultrasaundi inautaja vizuri miezi mitatu ya mwanzo, na akina mama wengi huanza kliniki imeshapita. Utabaki na swali la siku zake za mwisho za hedhi. Ukiuliza "tarehe ngapi?" utapewa tarehe, yoyote, ili uridhike. Mimi hubeba kalenda niliyoichora mwenyewe, ina Mfungo, Iddi, Pasaka, shule kufungua, mahindi kufika kiunoni. "Mama, uliziona siku zako kabla ya Mfungo au baada?" Hapo anatulia, anahesabu vidole, anamgeukia shoga yake kwenye benchi: "Wewe, ile harusi ya kwa mjumbe ilikuwa lini vile?"