PO anaisaidiaje timu iboreke? Mimi nilifunzwa na karatasi ya njano

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema uko mwezi wa pili kama PO (product owner, mwenye kuamua timu ya programu ijenge nini kwanza), timu ya watu saba, ofisi Kilimani, kasi haipandi, wasanidi wamenuna, na skramu masta (msimamizi wa skramu, utaratibu wenu wa kazi) amekwambia retro (kikao cha timu kujitathmini) si mahali pako. Unauliza ufanye nini ili timu iboreke. Walionitangulia wamekushauri ununue kozi, ubadilishe programu ya kupangia tiketi (kazi moja moja za timu), na mmoja amesema uwapeleke wakale nyama choma. Nyama choma siipingi. Lakini mimi nimekalia kiti hicho miaka sita, na miwili ya kwanza kikwazo cha timu nilikuwa mimi mwenyewe, kwa hiyo niache nieleze kwa urefu kidogo.

Tulikuwa tunajenga mfumo wa mikopo wa sacco moja, jina tuliache. Watu sita, chumba kimoja kando ya Ngong Road, dirisha linatazama kituo cha matatu, basi standapu (kikao kifupi cha kila siku) tulifanya makanga wakiita abiria. Kila baada ya wiki mbili tulikuwa na retro. Tulikuwa tukiandika kwenye vile vikaratasi vya njano vyenye gundi na kuvibandika ukutani.

Kikaratasi kimoja kiliandikwa kwa kalamu ya bluu: "Kiigizo cha malipo. Siku 3." Kijana aliyekiandika alitaka kutengeneza programu ndogo ya kuigiza mfumo wa malipo ya simu, ili tuone mfumo wetu unafanya nini uthibitisho wa malipo ukichelewa, ukija mara mbili, au usipokuja kabisa. Wote walikubali. Mimi nikasema, "Wazo zuri, tutaliangalia." Sprinti (kipindi chetu cha kazi cha wiki mbili) iliyofuata mkurugenzi alitaka ripoti ya gawio kabla ya mkutano mkuu wa mwaka. Iliyofuata ikawa nembo mpya. Kikaratasi kikarudi retro ya pili, ya tatu, ya nne. Retro ya tano gundi ilikuwa imekwisha. Yule kijana alikitoa kwenye daftari lake, akakata selotepu kwa meno, akakibandika pale pale, akarudi kuketi bila kusema neno. Nami nilikuwa nasoma ujumbe kwenye simu.

Wiki tatu baadaye, mwisho wa mwezi, seva yetu ikalemewa. Wanachama wanalipa mikopo, wameingiza PIN, pesa zimetoka, uthibitisho umetumwa lakini sisi hatukuupokea kwa wakati, na programu yetu ikawaambia "jaribu tena". Wakajaribu tena. Watu 41 walilipa mara mbili. Kosa letu tupu: hatukuwahi kujaribu hali hiyo hata siku moja, na kiigizo kile kingetuonyesha mapema. Tulitumia siku tisa kusawazisha vitabu na kurudisha pesa, mtu mmoja mmoja, na simu nilipiga mimi. Mwalimu mmoja mstaafu aliniuliza kwa upole kabisa, "Kwani ninyi vitu vyenu hamvijaribu kabla ya kutupa sisi?" Sikuwa na jibu. Nilinyima siku tatu nikalipa tisa.

Nilichotoka nacho hapo ndicho jibu langu kwako. Timu haikosi mawazo ya kujiboresha. Waulize watu wako saba leo nini kinawaumiza, watakutajia kabla chai haijapoa. Wanachokosa ni muda wa kukitengeneza, na anayeshika muda huo ni wewe, kwa sababu wewe ndiwe unayepanga baklogi, yaani orodha ya kazi za timu. Skramu masta anaweza kuendesha retro tamu ya kila namna, yenye michoro na biskuti, lakini kama uliyoyasikia hayaingii kwenye orodha ya kazi, ile ni saa ya kulalamika tu. Baada ya miezi mitatu watu wanaacha hata kulalamika, na hapo ndipo utawaona wamenuna.

Kwa hiyo tangu mwaka ule nina sharti moja. Kila sprinti, jambo moja kutoka retro linaingia kwenye mpango likiwa na tiketi yake, jina la mtu, na alama ya kuonyesha limekwisha. Moja, si matano. Nalo linakaa juu, si mkiani pale ambapo kila kitu hukatwa Alhamisi jioni. Hili si wazo langu. Mwongozo wa Skramu wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland, toleo la 2017, ulitaka angalau jambo moja la kuboresha kutoka retro iliyopita liingie kwenye kazi za sprinti. Toleo la 2020 lililegeza, likasema yanaweza kuingizwa. Mimi nimebaki na lile la 2017. Neno "yanaweza" kwa ofisi zetu hizi ni ruhusa ya kutofanya.

Najua utasema bosi wako hatakubali. Wangu pia hakukubali. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kwenda kwake na maneno kama ubora na deni la kiufundi, naye akasikia "vijana wanataka kupumzika". Siku hizi naenda na orodha yenyewe, imechapishwa, karatasi moja. Akisema, "Hii ripoti naitaka Ijumaa," namwambia, "Sawa mkubwa, itaingia. Kati ya hizi sita, tutoe ipi?" Kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Mara nyingi anaitazama karatasi, anakuna kidevu, anasema basi ripoti ingoje wiki ijayo. Zile siku tatu za kiigizo nilizipata hivyo hivyo, ingawa nakiri kwamba zile simu 41 zilinisaidia kujenga hoja. Na kama kwenu mabosi ni watatu na kila mmoja anawatumia wasanidi ujumbe pembeni, anza hapo kabla ya mengine yote. Mwongozo unasema PO ni mtu mmoja, si kamati, na kwamba shirika zima liheshimu maamuzi yake. Bila hilo wewe ni tarishi tu.

Sasa retro. Skramu masta wako amekosea kwenye kanuni: PO ni sehemu ya timu ya skramu, na retro ni ya timu nzima. Ila usimchukie bado, huenda ameona kitu. Mimi nilipokuwa naingia, nilikuwa nakaa kichwani mwa meza na kompyuta wazi, na kila hoja ikitolewa naijibu. "Hiyo ilikuwa kwa sababu mteja..." "Hiyo tulishaizungumza..." Watu wakawa wanaandika vitu visivyomkera mtu, mtandao uko polepole, kiti kimevunjika. Nyani haoni kundule.

Kilichobadilisha mambo ni siku niliyoanza mimi. Niliandika kikaratasi changu kabla ya wengine: "Nimebadilisha tiketi mbili sprinti ikiwa imeshaanza. Moja bila kumwambia yeyote." Nikakibandika, nikaketi. Kukawa kimya kidogo, halafu msichana wa kujaribu programu zetu, ambaye kwa miezi minane sikuwahi kumsikia akipinga lolote, akasema, "Zilikuwa tatu." Alikuwa sahihi. Ile ya tatu nilikuwa nimeisahau. Kuanzia hapo retro zetu zikawa na maneno ya kweli.

Ya tatu pia ni lawama kwangu. Siku moja nilipekua kikundi chetu cha ujumbe nikahesabu: swali lililoulizwa saa tatu asubuhi nililijibu saa kumi jioni, kwa sababu nilikuwa mjini kwa mteja, kisha kwenye foleni, kisha kikaoni. Siku nzima mtu ama amekaa, ama amekisia. Wengi hukisia, halafu sisi kwenye riviu (kikao cha kuonyesha kazi iliyofanyika) tunasema "hawakuelewa". Sasa saa nne hadi saa tano asubuhi siko kwenye kikao chochote. Nakaa mezani kwao. Mara nyingine hakuna anayeniuliza kitu, nafanya kazi zangu, lakini wanajua nipo. Hii haikugharimu shilingi na sijui kitu kingine kilichopunguza kazi ya kurudiarudia kama hicho.

Halafu wapeleke waone. Sisemi uwaletee ripoti ya maoni ya wateja, nasema uwapeleke wenyewe. Nilichukua wasanidi wawili tukaenda tawi la sacco karibu na soko la Toi, tukaketi kwenye benchi la wateja asubuhi nzima. Akaja mama anayeuza nguo za mitumba, simu ya kabambe (ya vitufe), anataka kuangalia salio kwa USSD. Akabonyeza, akasoma menyu, akatafuta miwani kwenye mkoba, akaivaa, akaanza kuingiza namba ya kitambulisho huku akiisoma kwenye kadi tarakimu moja moja. Kabla hajamaliza, kikao cha USSD kikakatika. Akaanza upya. Kikakatika tena. Mara ya tatu akampa simu mhudumu. Hakukasirika, alimpa tu, kama mtu aliyezoea.

Msanidi wangu mmoja alikuwa amenibishia mwezi mzima kwamba menyu zile ni fupi vya kutosha. Kwenye ofisi, kwa vidole vyake vya miaka ishirini na minne, kweli zilikuwa fupi. Njiani kurudi hakusema kitu. Jioni ile ile aliniletea mchoro wa menyu mpya, hatua saba zimekuwa tatu, namba ya kitambulisho imeondolewa kabisa kwa sababu namba ya simu tayari tunayo. Mimi ningeandika tiketi kumi nisingepata mchoro ule.

Kuhusu kasi, yaani pointi mnazomaliza kila sprinti, nitasema kifupi kwa sababu naona wengine wameshaanza kugombana hapo juu. Pointi ni makadirio ya ukubwa wa kazi, za timu kujipangia. Mwongozo wa Skramu wenyewe hauzitaji pointi wala kasi popote, kaangalie. Ukianza kuuliza "mbona tumeshuka kutoka 30 hadi 26," sprinti ijayo utapewa 34, na kitu hakijabadilika isipokuwa makadirio. Nilifanya hivyo, nikapewa hivyo. Afadhali uulize tiketi inachukua siku ngapi tangu ianze hadi imfikie mtumiaji, na inakwama wapi. Kwetu ilikuwa inakwama siku nne ikingoja mtu akague kodi (ya kompyuta, si ya nyumba), na hilo tukalifanya kuwa jambo letu moja la sprinti.

Na ukiwa kwenye riviu usipokee kitu cha "karibu kimekwisha". Nilikuwa navipokea kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyotujazia mfumo nusu-nusu. Kama hakijatimiza vigezo mlivyokubaliana vya kazi iliyokwisha, kinarudi kwenye baklogi, bila ugomvi, bila kumtazama mtu vibaya. Mara ya kwanza watachukia. Mara ya tatu wataanza kuchukua kazi chache na kuzimaliza.

Narudi kwa skramu masta wako. Usiende kumsomea mwongozo, utashinda hoja upoteze mtu. Mwombe uingie dakika ishirini za mwisho tu, ukiwa na daftari, bila kompyuta, usikilize jambo moja walilochagua na uwaambie papo hapo kama litaingia sprinti ijayo au la. Kama ni la, sema la na sababu. Mimi nilianza upya na dakika ishirini hizo. Sprinti ya tatu waliniambia nije tangu mwanzo, ila nije na biskuti.